Mzee wa Mfongo na Neno Kuomba

Mtu aliyetugawia maji kwa miaka yote ile, yeye mwenyewe hakuwa akinywa maji. Alikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, asubuhi alikunywa maziwa, na akiugua alikunywa mtori mwepesi, supu ya ndizi. Ukimpa maji katika kata aliyatazama, akayamwaga polepole kwenye shina la mgomba uliokuwa karibu, akakurudishia kata na kusema asante. "Haya yana wenyewe," alisema. Sisi tulicheka. Mkewe tu hakucheka, maana ndiye aliyekwenda kuyachota.

Tulimwita Mzee wa Mfongo. Mfongo ni mfereji wetu, ule unaotoka mtoni juu msituni, ukazunguka ubavu wa mlima, ukashuka kwetu Masama kati ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, kutoka kihamba hiki hadi kile, mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Jina lake la kuzaliwa wenye ukoo wanalijua. Siliandiki hapa kwa sababu sisi majirani hatukulitumia. Ukisikia, "Mzee wa Mfongo amepita," ulijua kuna mtu zamu yake ya maji imeanza, na kuna mwingine zamu yake imekwisha na hajaridhika.

Nilikaa jirani yake. Nilisoma misheni madarasa manne tu, na kwa muda mrefu elimu ile haikunifaa kwa lolote ila kusoma kitabu cha nyimbo kanisani. Mume wangu alipofariki, na barua za Serikali zilipoanza kupanda mlima, ikawa na kazi, kwa kuwa mzee hakujua kusoma. Aliniita Bibi Karani. Mbele ya watu alilisema kwa kunidhihaki. Tukiwa wawili alilisema kama jina langu.

Zamu aliipima kwa jua. Jua likigusa bati la kanisa, zamu ya kwanza ilianza. Kivuli cha mti wa mruka kikifika kwenye njia, zamu ya pili. Siku za jua alikuwa mtu anayependwa. Siku za mawingu, na kwetu mawingu ni mengi, alikuwa akikisia, na hapo watu walimtukana, ingawa bado walimwita Meku, yaani mzee.

"Meku, umenikata mapema."

"Sijakukata. Jua limekukata."

"Jua liko wapi?"

"Liko palepale. Wewe ndiye huoni."

Sitasema kwamba alikuwa na haki siku zote. Alikuwa na rafiki mmoja mpika mbege, na zamu za rafiki huyo siku za mawingu zilikuwa ndefu. Kila mtu alijua. Alipoambiwa, wiki iliyofuata rafiki yule alipata zamu fupi bila kuelezwa sababu. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kukiri.

Lakini siku moja alikiri kwa mdomo. Mchana alikuwa amekunywa akalala chini ya migomba, akasahau kufunga lango la kihamba kimoja, na maji yakabomoa shamba la magimbi la mjane mmoja wa chini. Kwetu anayeuharibu mfongo, au anayeuachia uharibu mali ya mtu, hutoa mtungi wa mbege kwa wenye mfongo wote, kisha husimama mbele yao na kusema kosa lake kwa maneno yake mwenyewe, kabla ya yeyote kunywa. Yeye ndiye aliyekuwa akitoza adhabu hiyo. Akapuliza mwenyewe pembe ya kuwaita watu wa mfongo. Alikuwa akiipuliza vibaya sana, ilisikika kama ndama aliyekwama. Tukaja tukidhani banio la mtoni limebomoka. Tukamkuta amesimama kando ya mtungi wake.

"Nililala," akasema. "Nilikuwa nimelewa. Magimbi ya mama huyu yamekwenda na maji. Nitayapanda upya."

Akayapanda. Yule mama alimsimamia siku mbili nzima akimwelekeza nafasi ya shimo hadi shimo, naye akachimba kama alivyoambiwa.

Upande wa wanawake alikuwa na ukaidi ambao sikuuelewa, na sasa siwezi tena kumuuliza. Banio, pale maji yanapotolewa mtoni, mwanamke hafiki. Ni desturi ya zamani, na yeye aliishika kwa ukali kuliko waliomtangulia. Mimi sijaliona banio hadi leo. Lakini mume wangu alipofariki, na matanga yalipokwisha, shemeji yangu alikwenda kwake kusema kwamba zamu ya kaka yake sasa ni yake, kwa kuwa mwanamke hafukui mfongo wala hafiki banioni. Mzee alimfuata mpaka kihambani kwangu ili aniulize mbele yake.

"Migomba ya marehemu iko hai?"

"Iko hai, Meku."

"Na ng'ombe?"

"Yuko."

Akamgeukia shemeji. "Mfongo hauna habari kwamba kaka yako amekufa. Unajua migomba tu. Siku pembe ikilia, wewe utafukua sehemu ya huyu, kwa kuwa ni ya kaka yako na unampenda sana, kama ulivyoniambia njia nzima."

Shemeji akafukua miaka yote, na kila akipita kwangu na jembe aliguna makusudi nisikie. Zamu yangu haikupungua hata kidogo. Kahawa iliyonilipia ada ya mwanangu ilikunywa maji ya zamu ile.

Banio lenyewe, kwa nilivyosikia, lilikuwa la mawe, majani na magogo ya migomba, nalo lilivuja. Alitaka livuje. Vijana walitaka saruji. Alikataa, akasema mto una watu wengine huko chini, nao wana migomba.

"Chini kuna shamba la Mzungu," walimwambia.

"Naye anakunywa. Sijamnyima."

"Yeye akipata nafasi atakunyima wewe."

"Hapo tutazungumza naye."

Sasa nieleze yale mazungumzo yalivyokuja, maana ndiyo sababu ya kuandika.

Ilikuwa miaka ya baada ya vita ya pili ya Wazungu. Serikali ilitangaza kwamba maji yote ya nchi, ya mto na ya chemchemi, ni mali ya Serikali, na kila mwenye mfereji lazima aombe haki ya kuyatumia, aandikwe kwenye kitabu huko Moshi, apimiwe kiasi chake. Mfereji usioandikwa ungefungwa. Tuliitwa kwenye baraza la mangi, mtawala wetu. Akaja Mzungu tuliyemwita Bwana Maji, mtu mpole aliyevaa viatu vya matope, pamoja na karani wake, kijana wa mjini Moshi, wa familia ya mafundi cherehani, mwenye kofia safi ya kufuma na Kiswahili kizuri kuliko chetu sote. Karani akasoma fomu. Mzee akainuka.

"Rudia pale pa kwanza."

"'Mimi, fulani bin fulani, naomba kwa Serikali haki ya kutumia maji.'"

"Nani anaomba?"

"Wewe, mzee wangu. Ndiwe mkuu wa mfereji."

"Kwa Serikali."

"Ndiyo."

"Serikali ilichimba kipande gani? Nionyeshe, nikaombe hicho."

Watu wakacheka. Karani naye alitabasamu, lakini alikuwa na kazi ya kumaliza. "Mzee wangu, hili ni neno tu."

"Kama ni neno tu, libadilishe."

"Siwezi. Fomu imeandikwa hivyo."

"Basi si neno tu."

Bwana Maji akauliza kunasemwa nini, na karani akamtafsiria kwa kirefu. Mzungu akajibu kwa upole kwamba ni kwa faida yetu wenyewe. Mtu akiwa na karatasi, hata wa shamba la chini hawezi kumgusa. Na hilo lilikuwa kweli. Wa shamba la chini alikuwa ameshaomba maji ya mto uleule, na ombi lake lilikuwa tayari mezani Moshi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaeleza, si kwa hasira, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Akasema, nikienda kwa jirani nikaomba mkungu wa ndizi, nimekwisha kusema kwamba kihamba ni chake. Anaweza kunipa, anaweza kuninyima, na akininyima sina la kusema. Babu wa babu yangu aliuchimba mfongo huu kwa fimbo ya mti mgumu, na waliokuwa naye walichimba, na wengine walianguka kwenye jabali wakafa. Sijasikia kwamba waliomba. "Nikiomba, naomba kanisani," akasema, "na siku hiyo navua kofia." Kofia ilikuwa kichwani.

Tukapewa muda mpaka mwisho wa mavuno ya kahawa.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Nililikalia kwa miaka, nami sasa naliandika kama lilivyokuwa.

Nilikuwa nikienda soko la Kwa Sadala kila wiki, na njia inakatiza mfongo wa watu wengine ambao mwaka ule ulifungwa. Sijui sababu zote za kufungwa kwake. Najua nilichokiona. Matope yalipasuka vipande vipande, majani ya migomba yakajikunja, kisha migomba ikaanza kulala mmoja mmoja. Akina mama wa pale walikuwa wakishuka mtoni na madebe. Mmoja nilisoma naye misheni. Hakunisalimu, alikuwa akipumua tu. Nikarudi nyumbani nikasikia mfongo wetu unavyopita nyuma ya nyumba, nikaona aibu kwa kuusikia.

Nikamwendea mzee. Nikamwambia, "Meku, andikisha. Ukishaandikisha utaendelea kusema wewe ndiye mwenyewe."

"Nani atanisikia, nikishaweka kidole?"

"Migomba haitauliza nani aliomba."

"Migomba haiulizi. Ndiyo maana mimi nauliza."

Wiki moja kabla ya kufungwa kwa kitabu nilibeba ndizi kana kwamba naenda sokoni, nikateremka mpaka Moshi kwa miguu. Pale bomani, kwenye ofisi za Serikali, nilimkuta yule karani. Fomu waliyotuachia barazani nilikuwa nimeijaza nyumbani kwa mkono wangu: jina la mzee, jina la mfongo, jina la mto. Mahali pa kutia sahihi niliweka kidole gumba changu mwenyewe.

Karani akaitazama fomu muda mrefu. "Mama, kidole cha mzee wako ni chembamba."

"Amezeeka."

"Nilimwona barazani juzijuzi tu."

"Amezeeka tangu juzijuzi."

Akanitazama. Nilidhani ataita askari. Akaweka kidole chake juu ya neno "naomba", kama mtu anayeonyesha mtoto herufi, akauliza, "Na hili amekubali?" Nikaisogeza fomu karibu na mhuri wake. Akapiga mhuri.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Tarishi wa mangi alimpa mzee barua, na mzee akaja nayo kwangu kama alivyoleta zote. Alikaa kwenye kigoda. "Soma, Bibi Karani."

Barua ilisema ombi lake limekubaliwa. Ilisema amepewa maji kiasi fulani kwa hisani ya Serikali, na kwamba Serikali yaweza kupunguza kiasi hicho au kukichukua wakati wowote itakapoona inafaa. Mimi nikamsomea hivi: "Mfongo wenu umeandikwa kwenye kitabu, nanyi mtaendelea kutumia maji." Basi. Maneno yale ndani ya barua yalikuwamo, lakini si hayo peke yake.

"Hawakusema kuomba?"

"Hawakusema."

Uongo ule ni neno moja. Sijawahi kusema mzito kuliko huo.

Akainuka akaenda moja kwa moja kwenye mbege. Kwa miaka minne alisimulia jinsi Serikali ilivyosubiri aombe, akakaa kimya, ikachoka, ikaandika yenyewe. Alikuwa msimuliaji mzuri. Aliigiza sauti ya karani, akaigiza viatu vya Bwana Maji vinavyokwama kwenye matope. Watu wa mifongo mingine walikuja kumsikiliza. Vijana ambao zamani walimtukana siku za mawingu walianza kumpisha njiani. Na mimi nilikuwa nikikaa upande wa wanawake, nikichuja mbege, nikisikia kila mwaka hadithi ikiongezeka urefu. Waliokuwa wakicheka walimcheka Bwana Maji, lakini mimi niliona aliyedanganywa pale ni mmoja, naye ndiye aliyekuwa akisimulia.

Shamba la chini halikutugusa miaka ile. Huenda karatasi yangu ndiyo iliyotulinda. Huenda ni mvua, zilikuwa nzuri. Sijui, na sitajifanya najua.

Kisha mzee alianza kuumwa kifua. Walimpeleka hospitali ya Moshi, akalala kitandani siku chache, akasema huko maji yanapita ndani ya mabomba na hayasikiki, akarudishwa nyumbani. Nilikwenda kumwona mchana, siku ya jua kali. Mkewe alikuwa amemtoa nje, akamkalisha nyuma ya nyumba na blanketi magotini, karibu na mfongo. Nilimpelekea mtori. Barua ya Serikali niliifunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Umeleta chakula au habari?"

"Vyote viwili."

"Anza na habari. Chakula hakinipiti leo."

Nikafungua pindo. Nikamwambia kila kitu: Kwa Sadala, ndizi, boma, kidole. Nilizungumza nikitazama chini, kwa hiyo sijui uso wake ulikuwaje. Nilipomaliza niliikunjua barua. Kijana mmoja wa zamu alipita na jembe, akamsalimu, akaitikiwa, akaondoka.

"Isome," mzee akasema. "Yote."

Nikaisoma. Nilipofika kwenye "kwa hisani" alinyanyua mkono nirudie. Nilipofika kwenye "kukichukua wakati wowote" akaomba nirudie tena, kisha tena.

"Kwa hiyo walinipa."

"Walikupa, Meku."

"Na mimi miaka minne nazunguka kwenye vilabu nikiwacheka."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akasema nimemchosha, nifute uso, nilete karatasi na kalamu.

"Adhabu yako unaijua?"

"Naijua. Mtungi, na kusimama."

"Utasimama Jumapili, nikiwepo au nisipokuwepo. Sasa andika. 'Kwa Bwana Maji.' Umeandika? 'Mimi Mzee wa Mfongo sikuomba maji. Kidole mlichokiona ni cha jirani yangu, mwanamke, ambaye aliogopa. Alikuwa na sababu ya kuogopa, na sababu hiyo mliitengeneza ninyi.'"

Niliandika. Herufi zikawa kubwa.

"'Ombi lile nalirudisha. Maji haya yalichimbiwa njia na wazee wetu. Tuliyatumia jana, tunayatumia leo, tutayatumia kesho. Hatuombi. Tunawaarifu.'"

Kalamu ikasimama. "Meku, wataufunga."

"Huenda."

"Watu watanilaani mimi."

"Watakulaani. Nami watanilaani kaburini." Akavuta pumzi. "Bibi Karani, nisikilize. Mtu aliyepewa hukaa akingoja kunyang'anywa. Watoto wa hapa wangekua wakijua wamepewa, wasijue ni lini walipewa wala nani aliwaombea. Wakija kuufunga, waje waufunge mchana, watu wakiona nani anafunga na nani anafungiwa. Hapo tuna la kusema. Sasa hivi hatuna."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Yeye hakujua kusoma. Ningeweza kuandika "tunaomba" mahali pa "tunawaarifu", asingejua, na migomba yangu na ya mwanangu ingelala salama. Nilijua kwamba ninaweza, na niliona kwamba naye anajua.  Alinyoosha mkono tu, akangoja nimpake wino kwenye kidole.

Nikaandika "Tunawaarifu." Akaweka kidole bila kuniuliza nimeandika nini.

Alifariki kabla ya Jumapili. Tulimzika kihambani mwake. Jumapili nilisimama kando ya mtungi wangu na kusema kosa langu, kisha nikawasomea barua ya mzee. Shemeji yangu ndiye aliyeinuka kwanza. Akauliza kama barua imeshapelekwa. Nikasema bado. Akaichukua, akaigeuza kichwa chini miguu juu kwa kuwa naye hakusoma, akaomba wino, akaweka kidole nyuma. Wengine wakamfuata, si wote. Waliokataa walikuwa na sababu na siwalaumu.

Hadi leo ninapoandika, barua ile haijajibiwa na mfongo haujafungwa. Kesho sijui.

Barua nilikwenda nayo Moshi mwenyewe, Jumatatu ile. Karani alikuwa mezani pake, sasa ana miwani. Akanipa pole ya msiba, habari zilikwishamfikia. Akasoma barua mpaka mwisho, akageuza nyuma akaona vidole, akarudi mbele akatafuta tena mstari kwa mstari.

"Mama," akasema, "sioni ombi. Hapa mnaomba nini?"

"Hatuombi," nikamjibu. "Mpelekee Bwana Maji asome."